Kucha za Bi Nyange

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Hao ni watoto walioshiba au wagonjwa? Paukwa!"

"PAKAWAAA!"

"Bibi, mchape Mwajabu, anatafuna hindi kwa kelele," alisema Shomvi.

"Nyamaza, Shomvi. Sikilizeni."

Hapo zamani za kale, kabla kamati ya kwanza haijaundwa duniani, palikuwa na chui kikongwe, Bi Nyange. Kazi yake ilikuwa kuua. Aliua asubuhi, akaua jioni. Siku moja akamuua swala. Mtoto wa swala akasimama pale pale, akamtazama, akauliza, "Bibi, mama ataamka saa ngapi?"

"Akamla na yeye?"

Hakumla. Tangu siku hiyo, kila akifumba macho, analisikia swali lile. Basi akang'oa kucha zake moja moja, akazitia chunguni, akafunika, akaapa hataua tena. Akajenga kibanda kando ya kijiji, akawa mtu wa kunywa uji. Alitaka kitu kimoja tu: utulivu, apate kulala.

Lakini kucha hazikustaafu. Mle chunguni zililia, "Kwaru kwaru! Tutoe tufanye kazi!"

"Laleni," alizijibu Bi Nyange.

Alipokuwa muuaji, hakuna aliyemwamkia. Alipostaafu, wageni hawakuisha! Siku ya kwanza akaja Jogoo.

"Hodi, bibi! Shikamoo."

"Marahaba. Karibu uji."

Jogoo akanywa uji, akashusha sauti. "Bibi, mimi ni mtu wa amani. Ila huyu Punda ananiharibia wimbo wangu wa alfajiri. Huwezi kumpitia?"

"Nimestaafu, mjukuu wangu."

"Najua, bibi. Lakini mmoja tu si kazi!"

"Kwaru kwaru! Tutoe!"

Bi Nyange akakataa. Hakulala siku hiyo.

Siku ya pili akaja Punda. Hodi, shikamoo, uji. "Bibi, mimi ni mtu wa amani. Ila huyu Mbuzi anakula majani yangu huku ananitazama usoni. Huwezi kumpitia?"

"Kwaru kwaru! Tutoe!"

Akakataa. Hakulala tena.

Siku ya tatu, nani?

"Mbuzi!"

Mbuzi huyo huyo. Hodi, shikamoo, uji, tena akaomba aongezwe. "Bibi, mimi ni mtu wa amani..."

"Ila huyu Jogoo!" walidakia watoto.

Ila huyu Jogoo ananiamsha ndoto ikiwa imenoga! Kucha zikagonga chungu hadi kifuniko kikaruka. Bi Nyange akazitazama. Siwafichi, wanangu, alizitamani. Watatu tu, na kijiji kizima kitanyamaza, atalala! Akanyoosha mkono. Ndipo aliposikia, "Bibi, mama ataamka saa ngapi?" Akaurudisha mkono.

"Njoo kesho mchana, ujifiche nyuma ya jiwe lile kando ya kibanda changu, ujionee mwisho wa ugomvi wenu," alimwambia Mbuzi. Akawapelekea Punda na Jogoo ujumbe ule ule.

Kesho yake, kila mmoja akanyata nyuma ya jiwe kutazama jirani yake akifa. Wakakutana pua kwa pua, pua kwa mdomo.

"Ehe! Jirani! Umefuata nini hapa?"

"Mimi? Napunga upepo."

Bi Nyange akaja na chungu, akakiweka katikati yao. "Kucha hizi hapa. Anayetaka jirani yake afe, azivae mwenyewe."

"Kwaru kwaru! Tuvaeni!"

Jogoo akatazama miguu yake. Punda akakohoa. Wote watatu wakasema, "Bibi, sisi ni watu wa amani," wakaondoka kinyumenyume, bila hata kuaga.

Bi Nyange akakifukia chungu, akatandika mkeka. Swali likaja kama kawaida. Safari hii akalijibu, "Haamki, mwanangu. Nilimuua mimi. Nisamehe." Machozi yakamtoka, kisha akalala mchana kutwa.

"Na wale watu wa amani, bibi?"

Waliunda kamati, ya kwanza duniani! Mwenyekiti Jogoo. Wakaamua Bi Nyange afukuzwe, maana ni hatari kwa amani. Sasa wanajadili nani aende kumwambia. Hadi leo kikao hakijaisha, naye Bi Nyange bado amelala.

Basi, wanangu, mtu akikuomba umfanyie ubaya wake, mpe kucha azivae mwenyewe. Na wewe Shomvi uliyetaka Mwajabu achapwe, fimbo ile pale mlangoni. Kaichukue.

Shomvi akatazama miguu yake.

Haya, hadithi yangu imefika kwake, imeketi.