Jembe Moja la Mchanga Mweusi

Hapo zamani, milimani Upare, ambako mito ilishusha mchanga mweusi kila baada ya mvua, watu walipika chuma. Ndiyo, walipika, msinicheke! Walipika kama nyinyi mnavyopika makande, ila chungu chao kilikuwa tanuri la udongo, nao walitia mchanga.

Walikuwapo watu watatu. Namangi, mjane mwenye watoto wadogo, ndiye aliyeuzoa mchanga mtoni na kuuosha. Kajiru, aliyekuwa akimuuguza mama yake, ndiye aliyechoma mkaa. Mbonea, ambaye mkewe alikuwa mjamzito wa kujifungua wakati wowote, ndiye aliyevukuta mivukuto ya kupulizia moto. Majembe yao yalikuwa yamelika hadi yamebaki kama vijiko, na mvua ilikuwa mlangoni. Wakakubaliana wapike pamoja, yatoke majembe matatu, kila mmoja achukue lake.

Sasa nitegeeni sikio, maana asiyejua mambo ya tanuri hawezi kuamua kesi hii. Mchanga ule mweusi ni chuma kilichoshikwa na oksijeni, na oksijeni haikiachi hivi hivi. Lakini mkaa ukishika moto, unaitamani oksijeni kuliko chuma kinavyoitamani. Basi unainyang'anya. Unaondoka nayo moshini, chuma kinabaki huru. Huo ndio uhodari wa mkaa, ni tamaa yake tu inayozidi ya mwenzake!

Ila mivukuto nayo inapuliza oksijeni. Pumzi ikiwa ya kiasi na mkaa ukiwa tele, hutoka gesi yenye njaa, inapita kwenye mchanga ikinyang'anya. Pumzi ikizidi, gesi inashiba mapema, haina haja tena na mchanga, na hewa inayobaki inakirudia chuma na kukiteka upya. Wale watu hawakujua jina la oksijeni. Walijua tu kwamba pumzi ikizidi, chuma huliwa.

Wakapika. Wakaimba, wakapokezana maji, tanuri likanguruma.

Siku ya kulibomoa ili wakitoe chuma, jamani, nasikia uchungu hata kusimulia. Mavi ya chuma, yale makapi ya tanuri, yalijaa pale chini, meusi, mazito, yasiyofaa kitu. Chuma chenyewe kilikuwa pande moja dogo. Mhunzi wa kijiji, Irigo, akaligonga, akaligeuza, akaligonga. Likatoka jembe moja.

Nani huyo huko nyuma anasema wangeazimana? Kwao, ndugu yangu, jembe la mvua ya kwanza haliazimwi. Mvua ilikuwa fupi, mashamba yote yalilimwa siku zilezile, na aliyengoja zamu alipanda udongo umeshakauka. Asiye na jembe mwaka ule alikuwa hana chakula.

Namangi akasema, "Kaka zangu, hili jembe ni mchanga wangu. Mkaa umekwenda na moshi, pumzi imekwenda na upepo. Mimi nilisimama ndani ya maji ya baridi mpaka miguu ikafa ganzi. Kilichomo humu nimekizoa kwa mikono hii."

Kajiru akasema, "Dada Namangi, mchanga wako ungekaa mtoni, hadi leo ungekuwa mchanga. Mkaa wangu ndio uliokifungua chuma. Unasema umekwenda na moshi. Ni kweli, umekwisha wote, sina hata wa kumwotesha mama moto. Aliyemaliza chake ndiye anyimwe?"

Mbonea akasema, "Kaka Kajiru, mkaa bila pumzi ni giza tu kikapuni. Nani aliuamsha? Tazameni viganja vyangu, ngozi imebaki kwenye mivukuto. Na mtoto wangu anakuja kwenye nyumba isiyo na jembe."

Mhunzi Irigo akakuna kichwa. "Basi niambieni," akasema, "kwa nini yametoka mavi mengi hivi?"

Namangi akaanza kulia. "Vikapu vya mwisho sikuviosha vizuri. Mtoto alikuwa na homa, nikakimbilia nyumbani. Mchanga mweupe ulibaki humo, nao umeyeyuka pamoja na chuma ukakigeuza mavi."

Kajiru akainamisha kichwa. "Kikapu kimoja cha mkaa sikukileta. Mama alikuwa anatetemeka, nikamwachia. Ndicho kilichoisha juzi."

Mbonea akajifuta uso. "Nami nilisikia ngurumo nikaingiwa na hofu. Nilivukuta kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Mkaa ulishapungua, na mimi nikazidisha pumzi. Nilitaka tumalize kabla ya mvua. Nisameheni."

Wakasameheana pale pale. Namangi alimshika Mbonea bega, Kajiru akamwambia Namangi asilie. Walipendana wale watu, msidhani hawakupendana. Lakini matone ya kwanza yalipoanguka kwenye vumbi, mikono mitatu ilinyooshwa kuelekea jembe, na hakuna aliyeurudisha wake. Siwalaumu hata kidogo. Wewe ungeurudisha?

Irigo alisimama na jembe mkononi, mvua ikimlowesha, akawatazama mmoja mmoja. Alishindwa. Mimi pia nimeshindwa, ndiyo maana nimewaletea nyinyi.

Je, nani alistahili? Aliyeleta chuma, aliyekifungua, au aliyeuamsha moto? Na ukishachagua, wageukie wale wawili waliobaki na mikono mitupu kwenye mvua. Utawaambia nini?