Asali ya Usingizi

Sogeeni karibu, wanangu, msikie. Palikuwa na zimwi lililogawa asali ya usingizi, na kila aliyeilamba, fahamu zake zilinaswa kibuyuni mwa zimwi hilo. Mkambe aliilamba. Siku ya kwanza alisahau shamba lake, ya pili akasahau nyumba yake, ya tatu akamuuliza mkewe Nyamvula, "Wewe ni nani?"

Nyamvula alilifuata zimwi akiwaka hasira.

"Lamba kidogo, mama, utatulia," lilimwambia.

"Sitaki kutulia. Namtaka mume wangu."

Alikipasua kibuyu kwa mchi, na zimwi likayeyuka pamoja na asali yake.

Mkambe alirudiwa na fahamu, akaomba msamaha.

"Sijakusamehe," Nyamvula alisema. "Lakini uji upo. Kunywa."

Ngano yangu imefika, nami nanyamaza.