Saa Moja Ndani ya Kanisa la Mawe

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii humkanya mtu anayependezwa na sura ya kitu akadhani amekijua kitu chenyewe. Mlango unaweza kuchongwa maua na kupakwa vanishi hadi ukang'aa, na ndani pasiwe na mtu wa kuitikia hodi. Kisa hiki ni cha binti mmoja aliyekwenda kumzika mama yake, akahangaika siku tatu akilitafuta kanisa ambalo kila mtu alimwambia lipo.

Mama huyo aliitwa Mama Kitambaa, tena si kwa kejeli. Kwa miaka ishirini na minane alifuta vumbi kwenye mabenchi ya kanisa la mawe kila Jumamosi, benchi baada ya benchi, akiimba kwa sauti ya chini kama anayebembeleza mtoto. Miaka minne kabla ya kufa kwake, kuta za kanisa lile zilipata nyufa. Wakaguzi wa majengo walikuja, wakatikisa vichwa, wakaufunga mlango kwa mnyororo. Waumini wakahamia karakana ya fundi seremala, mtaa wa pili. Mama alimwandikia binti yake maneno machache: "Tumehama, tuko salama." Binti alikuwa mpokea wageni katika hoteli ya mji wa mbali. Alisoma, akashukuru Mungu, akaendelea na kazi.

Mama alifariki Jumanne, moyo ulisimama ghafla. Binti alifika Alhamisi macho yamemvimba. Jambo la kwanza alilouliza ni mahali ambapo mama yake angeombewa kabla ya kupelekwa makaburini. Mjomba wake, ndugu mdogo wa marehemu, alimchukua hadi karakana.

Alisimama mlangoni asijue aweke wapi mguu. Palinuka gundi na mbao mbichi. Kulikuwa na vitanda visivyo na chaga, kabati lisilo na milango, na msumeno mkubwa uliofunikwa shuka kama mgonjwa. Fundi seremala, mtu mnene mwenye penseli sikioni, alimpa pole, akamweleza kwamba Jumamosi saa tatu watu wote watakuwa pale. Binti akamuuliza kanisa ni lipi. Fundi akageuka nyuma, kana kwamba naye analitafuta, kisha akasema ni hapa hapa.

"Hapa pana vitanda," binti alisema.

"Bwana Yesu mwenyewe alilelewa karakana, mwanangu."

"Sawa, baba. Lakini mama yangu si kabati."

Fundi hakukasirika. Alisema tu kwamba mama mwenyewe alipapenda, na kwamba siku hizi hakuwa akiuliza tena habari za lile la mawe. Maneno hayo yalimchanganya binti zaidi. Inawezekanaje mtu afute mabenchi miaka ishirini na minane, halafu asiulize habari zake? Aliona kama mama yake amedhulumiwa na akazoea dhuluma. Akajiapiza kwamba mama yake hatatoka duniani kwa kupitia katikati ya misumeno. Atapita katika mlango ule mkubwa, wenye maua ya kuchonga, japo mara moja.

Ijumaa asubuhi alikwenda ofisi ya wakaguzi wa majengo. Mhandisi alikuwa mpole, ila maneno yake yalikuwa makavu. Alisema jengo lile sasa ni la kutazamwa tu, si la kuingiwa. Binti alilia. Mjomba, ambaye hulia akiona mwingine analia, naye akalia. Mhandisi akainuka kwenye kiti, akatazama dirishani, akarudi, akaandika kibali. Saa moja tu, kuanzia saa tatu hadi saa nne. Watu wasizidi ishirini. Askari wa zamu atafungua mnyororo na kuufunga tena.

Binti aliipokea karatasi ile kwa mikono miwili. Hilo la watu ishirini alilisoma, lakini halikumwingia akilini. Alikuwa akiufikiria mlango.

Mchungaji alikuwa akihudumia sharika nne na siku hiyo alikuwa mbali. Binti alimpigia simu, akamweleza habari za kibali. Mchungaji akasema atakuwepo. Binti akauliza kama kuna haja ya kupita kwa watu kuwaambia kwamba mahali pamebadilika. Mchungaji akamtuliza. Katika usharika ule, alisema, hajawahi kuona habari ikapotea njiani. Humwambia mtu mmoja jioni, na asubuhi wote wanayo. Wala hajawahi kujiuliza inafikaje.

Basi binti akaenda kulala kwa mjomba. Akina mama wa kanisa waliokuwa wakikesha nyumbani kwa marehemu hakuwapitia. Alijua wangebisha, na hakuwa na nguvu za kubishana.

Jumamosi saa tatu kamili gari la maiti lilisimama mbele ya kanisa la mawe. Askari alifungua mnyororo. Mlango ulilalamika, ukafunguka, na mwanga ukaingia hadi madhabahuni. Mabenchi yalikuwa yamepangwa vizuri chini ya vumbi nene kama blanketi. Mjomba, dereva, askari na mchungaji walilibeba jeneza, wakaliweka mbele. Binti akakaa benchi la kwanza. Moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Dakika kumi zikapita, hakuna mtu. Dakika ishirini. Dereva aliuliza kwa upole kama wafiwa wengine wanatoka mbali. Mjomba alitoka nje, akatazama barabara huku na huku, akarudi akikuna kisogo. Mpita njia mmoja alichungulia, akauliza kama ndiyo wamekuja kubomoa, akaambiwa hapana, akaenda zake. Binti aligeuka nyuma kila aliposikia mlio, na kila mara aliona safu za mabenchi matupu. Alianza kuhisi hasira, halafu aibu, halafu akashindwa kujua anahisi nini. Watu aliowaona siku mbili hizi wakimlilia mama yake walikuwa wakilia nini, ikiwa leo hawaji?

Ilipofika saa tatu na nusu, mchungaji alisema hapana, hili si la kawaida. Alitoa simu yake mfukoni, akabonyeza bila kutazama, kama mtu aliyezoea, akaiweka sikioni.

Simu ikaita ndani ya mkoba wa binti.

Wote wakautazama mkoba. Binti aliufungua, akaitoa simu ya marehemu mama yake, ambayo aliichukua hospitalini pamoja na miwani na kanga. Kwenye kioo iliandikwa: Mchungaji wangu. Iliendelea kuita, na ukubwa wa jengo ukaizidishia sauti. Mchungaji alikuwa ameshusha mkono, lakini alisahau kukata.

"Nilikuwa nampigia yeye," alisema taratibu. "Miaka yote. Namwambia yeye, na watu wanajua. Jana sikumpigia mtu, nilidhani habari itafika yenyewe kama siku zote."

"Na fundi je? Huna namba yake?" mjomba aliuliza.

"Sina ya mtu mwingine hata mmoja."

Mjomba akasema si kitu, karakana ni karibu, yeye atakimbia awaite, dakika bado zipo. Askari akakohoa. Akawakumbusha kwamba kibali kinasema ishirini. Mchungaji akamgeukia binti, akamuuliza: waumini ni themanini, sasa nani aitwe na nani aachwe. Binti akafungua mdomo, akaona hana jina la kutaja. Hakumjua hata mmoja wao. Alichokijua ni mlango.

"Tumtoe," alisema. "Tumpeleke waliko."

Karakana ilikuwa imejaa hadi ukutani. Watu walikaa juu ya fremu za vitanda, juu ya mbao na vigoda, wakingoja kimya, na hakuna aliyeondoka. Fundi alikuja kupokea jeneza. Akamwambia binti kwamba walijua atakuja, hawakujua tu amepitia wapi. Hakumuuliza zaidi.

Binti alipotaka kupita, bibi mmoja alimshika mkono asikanyage. Sakafu nzima ilikuwa na alama za chaki: herufi, msalaba mdogo, umbo la samaki, na kila mtu amekaa kwenye alama yake.

"Mama yako alituchorea," bibi alimnong'oneza. "Kila Jumamosi, kila mtu na mahali pake. Ukikosekana Jumapili, anaona pako patupu. Jumatatu yuko kwako anagonga."

Hizo zilikuwa za Jumamosi iliyopita. Tangu Jumanne fundi hakuranda ubao hata mmoja, vumbi lisije likazifuta, na wateja wake walikuwa wakimsema.

Waliimba. Binti alitafuta kwa macho pa kuelekea, kama mtu anayetafuta madhabahu, akaona magoti ya watu, mikono ya watu, nyuso za watu waliomjua mama yake kuliko yeye. Hakuelewa, lakini alilia vizuri. Saa tano walimzika.

Alikuwa amepanga kusafiri Jumapili, akashindwa. Jumatatu asubuhi yule bibi alikuja kumuaga, akasema hakai, ana safari: jana pengo lilikuwa moja, mzee wa alama ya samaki, pengine ni homa. Binti akavaa viatu bila kuombwa, akamfuata. Walikwenda hadi nyumba ndogo nyuma ya kinu cha nafaka. Mlango wake ulikuwa wa mabati, umepinda na kupata kutu. Bibi alikuwa amebaki nyuma akihema, hivyo binti akagonga yeye.

"Nani?" sauti dhaifu ikauliza kutoka ndani.

Binti akatafuta la kujiita. Yeye si jirani, si ndugu, wala hakuwa na uhakika kama ni muumini wa usharika ule. Alisimama pale mkono umebaki hewani. Bibi akafika nyuma yake, akashika fremu ya mlango apate pumzi, akajibu kwa niaba ya wote wawili:

"Ni kanisa. Fungua."

Mlango wa mabati ukakwaruza sakafu, na binti akainama, akaingia. Hakika, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.