Kwa Nini Dundu Husukuma Mpira Kinyumenyume

Enzi hizo Dundu alitembea mbele kama mdudu yeyote, na alicheza mpira wa rungu, ule wa kuupiga kisha kuzunguka kona, katika Ligi ya Majani, ligi changa ya wadogo: Nguchiro, Kanga, Kobe na yeye. Wakubwa walikuwa na Ligi ya Pembe, ya kale, na kapteni wao Nyati alijiita bingwa wa dunia bila kucheza na dunia.

Wadogo wakiomba mechi, jibu lilikuwa lilelile: "Mna eksipiriensi gani?" Ati eksipiriensi! Utaipata wapi, na geti analishika mjomba wao?

Mwishowe Twiga, mwamuzi, akachoshwa na kelele. Akaamuru mabingwa wa ligi zote mbili wapambane mechi tatu. Mshindi achukue mpira. Ligi itakayoshindwa ivunjwe. Dundu akaelewa vizuri sana: wakishindwa, yeye anarudi chini ya jiwe, basi.

Ya kwanza Pembe wakashinda, ya pili Majani. Ya tatu ikafika pigo la mwisho, pointi sawa. Nyati alitakiwa aupige, azunguke kona nne na arudi nyumbani, pale alipoanzia, kabla ya mpira kufika, au ubingwa uende kwa Majani.

Mpira wenyewe ulifinyangwa kwa mavi makavu ya Nyati mwenyewe. Akaupiga puu! Ukaangukia mbali nyasini, mbele ya Dundu.

"Rusha, bana!" Kobe akapaza sauti.

"Nirushe na mkono upi, kaka?"

Akausukuma kwa kichwa. Ukamziba macho, akagonga kisiki. Akageuka. Kichwa chini, miguu ya nyuma juu ya mpira, jicho kwenye jua asipotee njia, akaanza kusukuma kinyumenyume.

Nyati, kwa desturi ya Pembe, alisimama kila kona asifiwe. Kona ya tatu akataka wimbo wa kumsifu urudiwe.

"Mzee, kimbia!" Swala, mwenzake wa Pembe, akalia.

"Nimkimbie nani? Kale kadudu?"

Alipoikata kona ya nne, mpira ulikuwa nyumbani, na Dundu yuko juu yake anazunguka akicheza.

"Nyati nje!" Twiga akatangaza. Majani wakalipuka kwa vigelegele.

"Ligi yao msiivunje," Dundu akasema. "Nataka kuwapiga tena kila mwaka. Ila mpira walete wao."

Na tangu siku hiyo Dundu husukuma mpira wake kinyumenyume, na njiani huupanda akazunguka kidogo, kwa raha zake. Naye Nyati, kila apitapo, huangusha kombe nyuma yake bila kugeuka, na bingwa huja kulichukua.