Kura ya Pimbi na Kisima cha Majabali

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa na halmashauri yao na kampeni zao na kelele zao za uchaguzi, ugomvi ulikuwa umepamba moto nyumbani kwa Pimbi.

"Nilikwambia usigombee! Nilikwambia, sikukwambia?"

"Uliniambia, Makame."

"Ukanijibu nini?"

"Nikasema, nani mwingine atatusemea?"

"Haya, mwenye kusema, sema sasa! Ngurumo anakuja na Kidawa anakuja. Sema!"

Mkewe, aliyeitwa Sikujua, alitega sikio nje. Alikuwa amewakumbatia watoto kwenye kona.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Bonde lile lilikuwa na vyama viwili. Kimoja kilikuwa Chama cha Pembe, cha Bwana Ngurumo Nyati, ambacho kilikuwa kimekalia kiti cha halmashauri tangu mama yake Sikujua hajazaliwa. Kingine kilikuwa Chama cha Meno, cha Bi Kidawa Fisi. Mwaka ule wanyama walichoka, wakapiga kura kwa hasira, na kura zilipohesabiwa, lo! Madiwani wa Pembe na madiwani wa Meno wakatoka sawa kwa sawa. Akabaki diwani mmoja tu asiye na chama, wa Kata ya Majabali. Huyo ndiye Sikujua. Upande atakaoegemea yeye ndio utakaoshika halmashauri.

"Chagua Nyati," Makame alimsihi, sauti imeshuka. "Nyati anakula majani. Hatatutafuna."

"Hatatutafuna, atatukanyaga. Hukumsikia kwenye kampeni? 'Nikirudi kitini, kisima cha Majabali tutakipanua kiwe dimbwi la matope, tugaegae mpaka tuchoke!'"

"Basi chagua Fisi."

"Kidawa naye kasema atapachimba pawe pango la watoto wake. Makame, wote wawili watavunja majabali! Kisima kikiwa wazi, Tai atawaokota hawa mmoja mmoja."

Makame akawatazama watoto. Kisima kile kilikuwa ndani ya ufa ule ule walimoishi, mdomo wake mwembamba kama mdomo wa mtungi. Wadogo wote wa kata ile, pimbi, kindi na mijusi, walikunywa humo bila kuonekana kutoka angani. Mto ulikuwa umekauka, na maji mengine hawakuwa nayo.

Tii! Tii! Tii! Ardhi ikatetemeka.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Bwana Mkubwa," Sikujua akaitika, sauti nyembamba kama uzi.

Ngurumo hakuweza kuingia. Alisogeza pua yake kubwa kwenye ufa, pumzi ikavuma mle ndani puuuh! watoto wakaangukiana.

"Binti Pimbi! Kesho kwenye kura ya kiti unampigia nani mguu?"

"Bwana Mkubwa, mguu wangu ni mmoja na ni mdogo. Utakutosha?"

"Utanitosha kwa nini usinitoshe? Sisi na wale tuko sawa. Nikikupata wewe, nimeshika kiti."

"Kweli." Sikujua akainua kichwa. "Na wako wote una uhakika nao?"

"Wangu wote nawaamini!" Ngurumo akafoka. Mkia ukachapa mgongo, chwap. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu, Bwana."

"Kuna uliyemwona?"

"Mimi mfupi hivi nitamwona nani?"

"Ni Kongoni!" Macho yakamtoka Nyati. "Siku hizi hanitazami usoni! Juzi nimemsalimia, akajifanya anatafuna. Kongoni ananihama yule!"

"Mimi sikumtaja Kongoni, Bwana Mkubwa."

"Huna haja! Toba! Kongoni akihama, Meno wanashika kiti. Wakishika kiti, kisima ni chao. Kisima changu!"

Sikujua akajisogeza kidogo.

"Kesho mwenye sauti ndogo ndiye anayeanza kusema, kama desturi. Itabidi niombe jambo. Nikiomba kisima kisiguswe na chama chochote, Bwana Mkubwa, itakusaidia?"

"Itanisaidia nini? Nami nakitaka!" Nyati akaanza kugeuka. Akasimama. Akawaza, na alipowaza masikio yote mawili yalilala. "Ngoja. Ngoja kwanza. Sheria ya bonde inasema, aliyeipigia sheria mguu ndiye peke yake anayeweza kuifuta, tena mpaka wote walioipigia wakubali. Meno wanakitaka kisima, hawatapiga. Tutapiga sisi tu na wewe. Basi hata wakishika kiti hawataweza kuifuta!"

"Kumbe!" alisema Sikujua.

"Na nikishika mimi, naifuta mwenyewe asubuhi yake. Wewe utanikatalia?"

"Nani akukatalie wewe, Bwana Mkubwa?"

"Ha! Ha! Ha!" Ngurumo akacheka mpaka changarawe zikamwagika kutoka juu. "Pembe wote tutapiga, hata Kongoni, maana hatajifichua kabla ya kura ya kiti. Wala usimwambie mtu." Tii, tii, tii, akaenda zake.

Makame akatoka kwenye kona. "Mke wangu, umefanya nini?"

"Sijui bado," alisema Sikujua. "Nyamaza, nasikia mtu."

Hawakusikia kishindo safari hii. Walisikia tu kucha zikikwaruza jiwe taratibu, kwaru, kwaru, na harufu ikatangulia kuingia.

"Hujambo, mwanangu?" Sauti ya Bi Kidawa ilikuwa laini. "Na watoto hawajambo? Wananukia vizuri, mashaallah."

Makame akawafunika watoto kwa mwili wake.

"Hatujambo, Bi Mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeona alama za kwato hapa nje. Mgeni wako alitaka nini?"

"Alichokuja kutaka wewe."

"Hi-hi-hi! Una mdomo wewe. Na umempa?"

"Nimemuuliza kama ana uhakika na madiwani wake wote."

Kicheko kikakatika. Jicho moja la manjano likachungulia kwenye ufa, likamkazia Sikujua, halikupepesa.

"Sikiliza, kitoto," Kidawa alisema, na sasa sauti haikuwa laini hata kidogo. "Mimi si Ngurumo. Mimi sichezewi. Swali hilo umelipanga, na ulikuwa umejiandaa kuniuliza mimi pia. Kweli au si kweli?"

Sikujua alitaka kusema uongo, akaona hakuna uongo utakaopita mbele ya jicho lile.

"Kweli, Bi Mkubwa."

"Vizuri. Basi mimi sijibu. Niambie tu, yeye alijibu nini?"

"Alisema, 'Wangu wote nawaamini.'"

Kucha ziliacha kukwaruza.

"Alisema hivyo? Kwa sauti yake?"

"Kwa sauti yake, tena alifoka."

"Ngurumo, mwenye kumwogopa hata yangeyange anayemtua mgongoni, leo anawaamini wote?" Kidawa akaanza kuzunguka pale nje, kwaru, kwaru, kwaru. "Tuko sawa kwa sawa, naye hana wasiwasi. Kwa nini hana wasiwasi? Kwa sababu ameshampata mtu. Mtu wangu!"

Sikujua alijibana ukutani.

"Bweha!" Kidawa akapiga ukelele. "Bweha tangu lini anakuja mkutanoni akiwa ameshiba? Nani anamlisha? Mjinga mimi! Bweha ameninunulia kaburi!"

"Sikumtaja Bweha, Bi Mkubwa."

"Nyamaza, nawaza. Ngurumo akishika kiti, kesho hiyo hiyo anagaagaa kwenye kisima changu. Kesho wewe ndiye wa kuanza kusema. Utaomba nini?"

"Kisima kisiguswe na chama chochote."

"Oho! Umejifikiria mwenyewe." Kidawa akatabasamu, meno yakaonekana yote. "Lakini kwa leo umenifikiria na mimi. Pembe hawatapiga mguu kwa jambo hilo, wanapenda matope kuliko mama zao. Tutapiga sisi na wewe, hata Bweha, asije akajifichua mapema. Na siku nikitaka kufuta, nitakuja hapa kukuomba mguu wako. Hutaninyima, eh? Na watoto wazuri hivi?"

Akaondoka. Harufu ilibaki mpaka asubuhi.

"Umemwambia ukweli mtupu," Makame alinong'ona.

"Ndiyo. Mmoja wao akikaa akawaza vizuri, tumekwisha."

Asubuhi madiwani wote wakakusanyika kwenye uwanja wa vumbi. Pembe wakakaa huku, Meno wakakaa kule. Ngurumo alimtazama Kongoni bila kupepesa. Kidawa aliketi karibu kabisa na Bweha, karibu mno, na Bweha maskini hakujua amekosa nini.

Karani alikuwa Kanga, mwenye madoadoa na haraka zake. "Kr-kr-kr! Kimya! Mwenye sauti ndogo aanze! Tukimwacha Bwana Ngurumo aanze, masikio yatatulia saa ngapi tumsikie mwingine?"

Sikujua akapanda juu ya jiwe. Aliona pembe nyingi, aliona meno mengi.

"Naomba," alisema, "kisima cha Majabali kisiguswe na chama chochote, kwa kuchimba wala kwa kugaagaa."

"Hamna maswali?" aliuliza Kanga. "Hamna? Ajabu! Basi wanaokubali, mguu!"

Maana bonde lile walipiga kura kwa kukanyaga chini wote kwa mpigo mmoja, kisha karani akasoma alama za nyayo.

PUU!

Vumbi likapaa likafunika uwanja mzima. Ndani ya vumbi lile Sikujua alikanyaga mguu wake, tik, hata yeye hakuusikia. Hakuona kitu. Je, kama Ngurumo alibadilisha nia njiani? Je, kama Kidawa aliamka na akili nyingine? Alifumba macho, akawaona watoto wake wakinywa maji juani, na kivuli kikishuka.

Vumbi likatua polepole. Kanga akaanza kupita, shingo mbele, shingo nyuma. "Kwato. Kwato. Kwato hizi za Kongoni. Kwato. Kr! Kucha. Kucha? Kucha tena! Za Bweha hizi. Na hiki kidole cha Pimbi." Akasimama katikati, akatandaza mabawa. "Jamani! Miguu yote! Sheria imepita kwa miguu yote!"

Ngurumo akamgeukia Kidawa. "Wewe umepiga?"

"Na wewe umepiga?"

"Kwa nini upige?"

"Kwa nini wewe upige?"

"Kimya!" alilia Kanga. "Sasa kiti! Wanaomtaka Ngurumo, mguu!"

Puu! Kongoni akawa wa kwanza kukanyaga, kwa nguvu kuliko wote.

"Wanaomtaka Kidawa, mguu!"

Puu! Bweha naye alikuwemo. Sawa kwa sawa tena. Macho yote yakamwangukia Sikujua, ambaye mguu wake ulikuwa bado hewani.

Alimtazama Ngurumo, ambaye alikwisha kuanza kujiweka sawa kitini kama mtu aliyerudi kwenye kitanda chake mwenyewe. Basi Sikujua, kwa kuwa kisima kilikuwa kimeshalindwa, akaushusha mguu upande wa Meno. Tik.

"Pembe wameanguka!" Kanga akapiga kelele. "Halmashauri ni ya Meno!"

Fisi wakacheka hi-hi-hi mpaka wakagaragara. Nyati wakakoroma. Sikujua hakungoja kuona zaidi. Alikimbia mbio mpaka kwenye majabali, akajitupa ndani ya ufa.

Hakupata nafasi hata ya kupumzika. Kwaru, kwaru! Kidawa alikuwa amefika na wachimbaji wake.

"Chimbeni hapo!"

"Kr-kr-kr! Simama!" Kanga alikuwa nyuma yake, anahema. "Mwenyekiti, mguu wako umo kwenye sheria!"

"Basi naufuta!"

"Futa. Lakini umo wa Ngurumo, wa Kongoni, wa wote. Mpaka wote wafute, na Pimbi pia."

Tii! Tii! Ngurumo naye akatokea, povu mdomoni.

"Ngurumo," alisema Kidawa haraka, "tufute pamoja."

"Nikufutie ili uchimbe wewe? Labda niwe mwendawazimu!"

"Tutagawana."

"Nigawane na wewe? Wewe? Ukinigeuka nitakushtaki kwa nani, na kiti unacho?"

Wakatazamana, na kila mmoja akaona kwamba mwenzake hatafuta kamwe. Halafu wote wawili wakageuka kwenye ufa. Ngurumo akaingiza pua, Kidawa akaingiza kucha, na mlango haukuwatosha.

"Toka nje, mwongo!" Ngurumo aliunguruma. "Ulisema Kongoni ananihama, na Kongoni hakunihama!"

"Ulisema Bweha ameninunulia kaburi!" alisema Kidawa. "Nimemng'ata sikio bure!"

Ndani, Makame alimshika Sikujua mkono, akimwambia asitoke, asijibu, ajifiche. Hata hivyo Sikujua alisogea taratibu mpaka kwenye mwanga, wakaiona pua yake ndogo, akawaambia pale pale mlangoni:

"Sikuwataja hao mimi, wakubwa zangu, niliuliza tu, asiyewaamini wenzake hana haja ya kudanganywa, hujidanganya mwenyewe."