Ukoko wa Bi Somoe na Uzi wa Yoyo

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, Jumbe Kisaka wa Mtakuja aliamua kesi kwa yoyo. Akiitupa ikarudi mkononi, mshtakiwa ana haki. Ikibaki chini, hana haki, na maneno yamekwisha. Watu waliridhika, maana yoyo haina mjomba.

Siku hiyo mshtakiwa alikuwa Bi Somoe. Jirani yake, Mzee Ngwali, alidai kwamba Bi Somoe alimtazama kuku wake jike juu ya ua, na tangu hapo kuku anawika. Adhabu ya jicho la namna hiyo ni kuhamishwa mji. Bi Somoe aliogopa sana. Nyumba yake alikuwa ameikandika kwa mikono yake mwenyewe.

Jumbe akatupa yoyo. Uzi ukakatika, yoyo ikaviringika mpaka chini ya kiti cha wazee.

"Haikurudi," akasema Mzee Ngwali.

"Wala haikubaki. Imeondoka," akasema Jumbe, mkono bado umenyooka mbele. "Kwa mila yetu mkono haushuki kabla ya hukumu, wala mtu hatoki barazani. Tafuteni uzi."

Shebwana, mumewe Bi Somoe, akachomoa uzi kwenye pindo la kanzu yake. Akavuta, kanzu ikapanda. Akavuta, kanzu ikapanda. Ilipopita magoti, wazee wakatazama pembeni.

Uzi ukapatikana, lakini mwembamba. Ndipo akainuka Bi Kirembwe, mama yake Shebwana, ambaye tangu harusi hakuwahi kumpa mkwewe hata salamu. Akaukunja, akausokota pajani hadi ukakaza.

"Asidhani namsokotea yeye," akaliambia baraza. "Nimeacha maharage motoni."

Shebwana akaufunga uzi kwenye yoyo kwa fundo la kufungia mbuzi. Mzee Ngwali akalitazama fundo lile kwa uchungu. Utotoni hakuwa na mpinzani wa yoyo mji mzima. Angenyamaza tu, fundo lingekwama, yoyo ingebaki chini, naye angeshinda kesi. Akajaribu kunyamaza. Akashindwa.

"Yoyo haifungwi fundo, mwanangu. Lete hapa." Akalifungua, akaupanua msokoto kwa kucha, akapata kitanzi, akaipitisha yoyo humo.

Jumbe akatupa. Yoyo ikashuka, ikafika chini, ikawa inazunguka palepale bila kupanda. Bi Somoe akafumba macho.

"Ivute kidogo, Jumbe," Mzee Ngwali akaropoka, kisha akajiziba mdomo.

Jumbe akaivuta. Yoyo ikapanda, ikatua kiganjani.

Sasa, Mtakuja kuna desturi. Aliyeshinda kesi hupika pilau, baraza zima likala, na ukoko hupewa mtu mmoja tu, yule aliyemwokoa. Ukoko haugawanywi. Anayeugawa amewatukana wote. Bi Somoe akapika, pilau ikaliwa, ukabaki ukoko.

"Uzi ni kanzu yangu," akasema Shebwana. "Nimeaibika magoti nje kwa ajili yako, mke wangu."

"Na kanzu aliishona nani, kama si huyo mkeo?" akauliza Bi Kirembwe. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamgeukia mkwewe. "Bila paja langu uzi ungekatika tena. Sikutaka kukuokoa, lakini nimekuokoa. Na ukoko naupenda."

"Huyu alitaka mke, wewe ulitaka maharage," akasema Mzee Ngwali. "Mimi nimejipotezea kesi yangu mwenyewe. Nani kati yenu amepoteza kitu?"

"Si ndiwe uliyemshtaki?" akauliza Shebwana.

"Nisingemshtaki, mngemwokoa na nini?"

Bi Somoe akasimama na mwiko mkononi, ukoko mwekundu ukinukia iliki. Mmoja ni mumewe, mmoja ni mama wa mumewe, na mmoja wamepakana ua. Atakayenyimwa ataondoka na kinyongo, na kinyongo cha mtu wa karibu hakina Jumbe wa kukikata. Sahani tatu zikamsogelea.

Haya, nanyi mnaomeza mate, semeni: ukoko ule ulistahili sahani ya nani?