Kwa Nini Mlonge Hukatwa Kichwa

Mnaniuliza kwa nini naukata mlonge wangu kila ukinifika kifuani, kana kwamba nina ugomvi nao. Ugomvi upo, tena ni wa zamani kuliko mimi. Kaeni niwaeleze.

Hapo kale mlonge ulikuwa mmoja tu kijijini, na haukuwa na tawi hata moja. Ulikuwa shina tupu, majani yote kileleni. Watu walijua majani yale ni dawa, lakini hawakuyachuma. Mwenye shida alikwenda kuusifu mti, nao ukipendezwa ulidondosha jani moja. Taabu ni kwamba kila uliposifiwa ulirefuka. Wazee waliusifu kwa sauti ya kawaida. Wajukuu wao ikabidi wapige makelele.

Basi Zuwena akajifungua mtoto wa kiume, na maziwa hayakutoka. Mtoto alilia siku mbili mfululizo, mpaka majogoo wakaacha kuwika, maana hapakuwa na aliyelala wa kuamshwa. Siku ya tatu sauti yake ikaanza kufifia, na hapo ndipo mama mkwe wake Zuwena, Bi Siwatu, alipoingiwa na hofu. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda kwenye mti.

Lakini Bi Siwatu hakuwahi kumsifu mtu maishani mwake. Hata kwenye arusi ya mwanawe alisema wali una mawe.

"Ewe mlonge mzuri," alianza, "mlonge mrefu... mrefu bila faida! Mume wangu anakufa njaa nyumbani, nawe umesimama unatazama mawingu?" Mume wangu, ndivyo bibi amwitavyo mjukuu wake.

Mti ukanuna, ukapanda dhiraa mbili zaidi.

Bi Siwatu akarudi na panga. Baadaye aliapa kwamba alitaka kuutisha tu. Lakini mti uliokuzwa kwa sifa ndani ulikuwa laini kama muhogo, panga likapita kwa pigo moja. Mlonge ukaangukia banda la kuku la Jumbe Pazi, mkuu wa kijiji. Wakatoka kuku mbio, nyuma yao Jumbe.

"Siwatu! Umeua dawa ya kijiji kizima!"

"Sijaiua, Jumbe. Nimeishusha."

Wazee wakakata shauri: mwezi ukiandama, Bi Siwatu ahame kijiji. Yeye alikuwa akichuma majani. Akayapika kwa nazi, Zuwena akala chungu kizima, na kesho yake maziwa yakatoka. Mtoto akanyonya akalala, na kijiji chote kikalala naye mchana kweupe. Shina lile Bi Siwatu akalikata vijiti, akazibia ua wa jiko lake, ili asimwachie mkwewe nyumba mbovu.

Ikanyesha mvua siku nyingi, watu wakajifungia ndani. Mwezi ulipoandama, wazee wakaenda kumsindikiza. Walimkuta mlangoni, mzigo umefungwa, mtoto mapajani, naye akilia. Hakuna aliyewahi kumwona Bi Siwatu akilia. Wakaona haya, wakageuza macho pembeni, na hapo ndipo walipouona ua wa jiko. Kila kijiti kilikuwa kimechipua majani. Wakakimbilia kisiki: kimetoa matawi kumi, yote ya kufikiwa na mkono.

Jumbe akafungua kinywa ausifu mti. Bi Siwatu, aliyewafuata mbio, akakiziba kwa kiganja.

"Thubutu! Unataka upande tena?"

Jumbe akarudi mlangoni, akauinua mzigo ule kwa mikono yake mwenyewe, akaurudisha ndani.

Na tangu siku hiyo mlonge hupandwa kwa kuchomeka kijiti tu, nyuma ya jiko, mahali pasipotuama maji, nao hukatwa kichwa ukifika kifuani ili uchipue matawi. Anayeuonea huruma hupata mti mrefu kweli, lakini majani yake huyala kwa macho.